Fomu Iliyokuwa Safi Mno

Nakumbuka siku moja ya soko, mwanangu, siku niliyorarua fomu nikajiona mjanja. Nilikuwa muuguzi mpya katika utafiti wa dawa ya malaria ya watoto, kwenye kliniki moja ya Busia, upande wetu wa Uganda. Kulikuwa na nafasi moja ya kupelekwa kusomea kazi ya utafiti, na nilitaka iwe yangu. Niliamini atakayechaguliwa ni yule ambaye fomu zake hazina doa. Ujana una ujinga wake, na wangu ungejaza gunia.

Asubuhi hiyo alikuja Nekesa, muuza nyanya kutoka upande wa Kenya, na mwanawe mdogo mwenye homa. Mtoto alilia kwenye mizani, mama naye alikuwa na haraka ya kurudi sokoni. Nilikuwa na tabia ya kuandika uzito kiganjani kwanza, halafu kuunakili kwenye fomu. Nikanakili uzito wa mtoto aliyemtangulia, na yule alikuwa mkubwa. Vidonge hutolewa kwa uzito, basi mtoto wa Nekesa akamezeshwa dozi isiyo yake, na mama akafungiwa vingine vya kumpa jioni.

Mchana, nikinawa mikono nile, ndipo nikaona kosa: kiganjani uzito wa mtoto wa Nekesa ulikuwa mwingine. Sheria unaijua: kosa hukatwa kwa mstari mmoja, libaki likisomeka, kisha unatia sahihi na tarehe pembeni. Mimi nikaona haya. Nikairarua fomu, nikaandika nyingine kwa mwandiko wa kupendeza, uzito sahihi, dozi sahihi. Nikajiambia vidonge viwili vitatu haviui mtu. Mungu anisamehe.

Saa tisa akapita Mzee Oketcho, msimamizi wetu kutoka Tororo, kukagua kazi. Aliishika fomu ile kwa muda mrefu.

"Hii karatasi iko safi sana," akasema. "Mtoto alilia, mama ako na haraka, wewe hujakula. Usafi imetoka wapi?"

Nikamwambia yote, kisha nikangoja anifukuze. Habari za fomu hakuuliza tena.

"Dawa ya jioni atapewa saa ngapi?"

Tulivuka mpaka kwa miguu, mzee mbele, mimi nyuma nikilia. Nekesa tulimkuta kwenye nyanya zake, vidonge amevifunga kwenye pindo la leso, mtoto amelala kando yake. Mzee alinipisha mbele. Wa kusema nilikuwa mimi. Nikamweleza kwamba nimekosea, mtoto amepewa dawa nyingi, tena nilijua nikaficha. Akafungua fundo, akaniwekea vidonge mkononi.

"Kukosea, sawa, sisi wote tunakosea," akasema. "Lakini wewe ulikuwa unajua, na mimi nilikuwa karibu kumpa saa hii."

Tulimrudisha mtoto kliniki, daktari akamwangalia mpaka akaridhika kuwa hana hatari. Nekesa alimtoa mwanawe kwenye utafiti, na ilikuwa haki yake. Nafasi ya masomo alipewa mwenzangu. Mimi niliipata baada ya miaka, wakati fomu zangu zimejaa mistari na sahihi pembeni, na aliyenipendekeza ni Mzee Oketcho.

Siku hizi mnajaza kwenye tableti, na najua mnatucheka sisi wa kalamu. Haya, chekeni. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika kazi yetu, mwanangu, maradhi unayaficha wewe, kifo kinakwenda kwa mtoto wa mwenzio. Kutaka cheo si dhambi. Soma, uliza waliokutangulia, andika ulichokiona palepale ulipokiona. Ukikosea, sema ungali na aibu, usingoje upate maneno mazuri.

Mungu akupandishe, mwanangu, na akupe ulimi mwepesi wa kukiri. Na kila mama atakayekukabidhi mwanawe, amchukue akiwa mzima.