Kichwa cha Treni Juu ya Friji

Asubuhi ile tulikula mkate wa kumimina uliobaki jana yake. Mahbuba alikuwa kakaa kwenye meza ya jikoni, kavaa miwani mbili, moja juu ya nyengine, anatwanga makaa ya chetezo ndani ya kikombe cha kahawa kwa kitako cha kijiko. Mbele yake kichwa cha treni, urefu wa shibiri, rangi ya chungwa na nyeusi. Ubavu mmoja kaupaka mpaka mlangoni. Wa pili bado.

"Unatwanga nini asubuhi yote hii?"

"Makaa."

"Makaa nnayaona. Ya nini?"

"Kunywa chai yako, Baba Kawthar. Itapoa, kisha utanilaumu mie."

Nikanywa. Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi nilikuwa nakwenda Yiti kununua samaki. Niliposimama na yeye akasimama. Akakichukua kile kichwa kwa ncha za vidole, akakiweka juu ya friji, juu ya kipande cha gazeti, pahala ambapo upepo wa feni haufiki. Akaniambia neno. Nikaitika, "Haya," nikatoka.

Nilirudi saa nne na nusu na nguru mzima. Alikuwa pale pale kwenye kiti, kalalia mkono wake. Nikadhani kasinzia. Samaki nikamweka kwenye beseni kwanza, nikafungua bomba, nikanawa. Hilo nnalijutia mpaka leo, kwamba nilinawa kwanza. Kikombe cha makaa hakikumwagika hata chembe.

Mie sikusoma. Nilikwenda chuoni kwa mwalimu, nikakhitimu msahafu, basi. Nilikuja Maskati kijana kutoka Unguja, nikaendesha gari la wagonjwa miaka thelathini na moja. Kuandika herufi hizi kanifunza Mahbuba, nshapita umri wa miaka sitini, kwa kuniandikisha maboksi ya treni zake. BEHEWA SARUJI. BEHEWA KOKOTO. BEHEWA ABIRIA KIJANI. Huo ndio uliokuwa ubao wangu. Nikikosea herufi haniambii, ananipa boksi jengine.

Watu wakiuliza mkunga mzima katoa wapi treni, yeye hucheka tu. Mie ndiye niliyejua. Alipelekwa Ayalandi kusomea ukunga, msichana wa miaka ishirini, hajui mtu. Chumba alichopewa kilikuwa baridi mpaka maji ndani ya gilasi yakafanya ngozi. Siku ya mapumziko alikuwa anakata tiketi ya bei ndogo kabisa, anapanda treni, anakwenda mpaka mwisho wa tiketi na kurudi. Hana safari. Kafuata joto. Chini ya viti kulikuwa na mvuke unapita, anaweka miguu pale. Miaka mitatu alikaa zaidi kwenye treni zile kuliko alivyokaa chumbani kwake. Akazijua zote kwa ngurumo, akazijua kwa uchafu wao.

Alipostaafu, Kawthar, binti yetu, akamwonesha kwenye simu kwamba ziko treni ndogo zinatengenezwa, za Ayalandi hasa, zile zile. Mahbuba akaiangalia simu ile muda mrefu. Boksi la kwanza lilifika mwezi uliofuata. Lilikuwa behewa la saruji, lina matumbo mawili ya mviringo kama mayai juu ya sahani.

"Ndo hili tu?" nikamuuliza.

"Jengine liko njiani."

Halafu likaja lile, na jengine. Vyengine vilikuja vipande vya shaba, vyembamba kama ganda la kitunguu, anavikata, anavikunja, anavilehemu mwenyewe. Mkono uliokwisha kupokea watoto wa nusu ya mtaa wa Ruwi ukawa unashika ngazi ndogo kama mguu wa mdudu chungu na kuigandisha mlangoni mwa behewa. Chumba alicholala Kawthar alipokuwa msichana tukakitia meza kubwa, reli ikazunguka. Msikitini Murshid, rafiki yangu, hakuniachia.

"Mkeo kaleta treni Maskati kabla ya serikali. Nauli kiasi gani mpaka Ruwi?"

"Wewe mnene. Kata tiketi mbili."

Sasa nnakuja kwenye kosa langu.

Chumba kile hakikufagiwa. Mahbuba alikataza. Mie nikiingia naona treni zina vumbi, zina masizi, matumbo ya saruji yana michirizi ya kijivu, magurudumu yana kutu. Nilidhani ni vumbi letu hili linaloingia madirishani, na nilidhani anakataza ufagio kwa kuogopa kuvunjiwa. Siku moja nilimwambia, "Treni zako chafu kama zimetoka machimboni." Akaweka brashi chini, akanitazama kwa furaha, akasema, "Ahsante." Nikajua kuna kitu sikukifahamu. Sikuuliza. Tuliishi hivo, kila mtu na ukimya wake, na ulikuwa ukimya mzuri.

Alipofariki, Muhsina, dada yake, alikuja na wanawake wa kumwosha. Sheria inamruhusu mume kumwosha mkewe, hilo nnalijua. Nilisimama mlangoni na taulo mkononi. Muhsina akaja, akaliangalia taulo, akaniangalia mie.

"Shemeji, tuachie sisi."

Akalichukua taulo. Nikawaachia.

Siku tatu za azaa, za matanga, nilikaa sablani, ukumbini na wanaume. Nikirudi ndani kutawadha nilikuwa napita mlango wa chumba kile, na harufu ya udi inatoka. Hakuna aliyefukiza chumbani mule. Nilisimama nikanusa. Siku ya kwanza nikasema ni nguo zake. Siku ya pili nguo zake Muhsina keshazitoa zote sadaka, na harufu ipo. Nikawa napita hapo hata nikiwa nna udhu. Sikumwambia mtu. Moyo wangu ulitulia kidogo, kama mtu aliyeambiwa mwenziwe hajatoka, yumo humo anatafuta viatu.

Siku ya tatu, baada ya khitma, watu wametawanyika, Muhsina anafagia nyumba. Akafungua mlango ule.

"Shemeji, chumba hiki aibu. Watu wamechungulia. Watasema Mahbuba alikuwa mchafu."

"Toka humo, bibi. Ntafanya mie."

Nikaleta beseni, maji ya vuguvugu, sabuni ya kuogea, na kitambaa laini cha pamba. Nikafunga mlango. Nikaziosha. Behewa moja moja, upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, mara tatu. Vile vichwa vyenye mashine nikavipitisha kitambaa chenye majimaji tu. Maji yakawa meusi, nikamwaga, nikatia mengine. Nilipomaliza nikazipanga juu ya taulo jeupe zikauke. Zilikuwa zinang'aa kama zilivyotoka kwenye maboksi. Nikasema, haya, nami nimemwosha.

Kesho yake Kawthar kaja kutoka kwake Mawaleh. Akasimama mlangoni, hakuingia.

"Nani kaziosha?"

"Mie."

Akakaa chini, pale pale kizingitini.

"Baba. Ule haukuwa uchafu."

Akanieleza. Treni zinafika mpya, zinang'aa, na Mahbuba hakuwahi kuona treni ya namna ile. Zake yeye zilikuwa za kazi. Akawa anazichafua kwa mkono, kwa brashi ya nyusi, behewa moja wiki tatu. Anakumbuka saruji inamwagikia wapi ikipakiwa. Anakumbuka vumbi la breki linakaa chini, moshi wa dizeli unakaa juu. Kutu yake ilikuwa udongo mwekundu aliouokota njia ya Yiti, mara zile nilizokuwa nasimamisha gari, anashuka na kijaluba chake, nami nadhani kabanwa na haja, anaona haya kusema. Na masizi yake yalikuwa makaa ya chetezo chetu, yamekwisha kuchomewa udi na ubani. Vanishi ya kuyashikilia hakupaka, harufu yake ilikuwa inambana kifua.

Kawthar akafungua simu, akanionesha picha Mahbuba alizokuwa anawapelekea wenziwe wa treni. Zile zile, kabla ya sabuni yangu. Mzee mmoja wa Ayalandi aliyewahi kuendesha treni kamwandikia kwamba kichwa kile anakijua, kilimlaza njiani mara mbili. Wengine wanamuuliza unga gani anatumia. Na yeye kawajibu wote neno moja: siri ya nyumba.

Niliingia chumbani nikavuta pumzi. Sabuni. Hakuna chengine.

Miaka kumi na mbili ya mkono wake nilimwaga bafuni. Na kama alikuwa yumo humo, nilimtoa mie mwenyewe. Hili sikumwambia Kawthar. Hili ndilo lililonikaa kifuani Ramadhani nzima.

Nikajaribu kurudisha. Nilichukua behewa moja la saruji, nikatwanga makaa, nikavaa miwani mbili kama yeye. Kawthar akaja akalikuta.

"Baba, hili behewa au mbuzi kaingia jikoni?"

"Mbuzi."

Akacheka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Nikalikosha tena.

Ila ukumbuke kimoja hakikuoshwa. Kile kilicho juu ya friji. Muhsina alikiona siku ile ya kufagia, akanyoosha mkono, "Na hiki kina masizi," nikamwambia kiache. Sikuwa nnajua sababu ya masizi. Niliambiwa, basi, nami nilikuwa nimeitika haya.

Ubavu wa kulia mweusi kutoka nyuma mpaka katikati ya mlango wa dereva, michirizi inashuka kama mvua ya jana. Ubavu wa kushoto safi. Nikipanda kwenye kigoda nikaweka pua karibu, udi upo.

Baada ya Idi nikaanza kuona vidole. Alama ndogo, nyeusi, za ncha ya kidole. Ya kwanza ilikuwa kwenye swichi ya chumba kile. Nikasema ni ya zamani, sikuiona tu. Ya pili shingoni mwa chupa ya chai. Ya tatu chini ya pembe ya msala wangu, pale Mahbuba anapoishika kuukunja. Zote za zamani, nikasema. Nyumba naifuta mwenyewe, nikifika hapo napita kando.

Halafu kofia. Kofia hii nimeinunua Ruwi wiki ya pili ya Shawwal. Mahbuba kafariki Shaaban. Ilikuwa juu ya kiti. Nilipoichukua kwenda adhuhuri, ndani ya ukingo, upande wa kulia, alama ya kidole. Nikakiweka changu juu yake. Changu kipana. Nami nilikwisha kushika makaa mwezi uliopita, huenda ni mie, unga ukabaki kwenye kucha. Huenda. Niliivaa hivo hivo nikenda kusali, na kichwa changu kilikuwa cha moto upande ule.

Na kile kichwa cha treni. Nimesema weusi umeishia katikati ya mlango wa dereva. Ndivyo ulivyokuwa Shaaban, na picha ipo kwenye simu ya Kawthar, alipiga siku ya azaa. Sasa mlango wote mweusi. Macho yangu mabovu, nnajua. Simu sijaiomba kutazama tena.

Jumamosi iliyopita Kawthar kaja na maboksi matupu. Chumba changu kwake Mawaleh tayari, cha chini, bila ngazi, msikiti uko hapo hapo. Nyumba hii ifungwe. Ananihurumia na ana haki. Nnapika wali wa watu wawili.

"Treni zote tutazihamisha, Baba. Nshapima ukuta, meza inaenea."

"Zichukue hizo. Wakazichezee wajukuu."

"Na wewe."

Akaingia jikoni, akasogeza kigoda, akapanda. Alikuwa na brashi ya nyusi mkononi, ya mamake. Kumbe kaja nayo.

"Hiki ntakimaliza mie. Mama alinifunza kidogo. Nikikimaliza utakuja?"

"Shuka."

"Baba, nusu na nusu hivi mpaka lini?"

"Shuka, mwanangu. Kiache."

Akashuka. Akaniangalia kama anavyoangalia watu hospitali, kwani naye ni mkunga. Akashika mkono wangu, akaugeuza, akaona ncha za vidole vyangu safi. Akatazama juu ya friji muda mrefu kidogo. Sijui aliona nini. Rangi ya uso ilimbadilika.

"Utakaa hapa peke yako?" akauliza, pole pole, kama kuna mtu kalala.

Nilimwambia alichoniambia mamake Alhamisi ile, nna funguo mkononi, mguu mmoja nshautoa nje ya mlango, na yeye kageuka kidogo tu, miwani mbili usoni:

"Baba Kawthar, hicho usikifute, wala asikishike mtu. Bado sijamaliza."