Shaba ya mwezi iko kwangu, mais mwenye kunipa nilimupoteza

Bakubwa wa uwanja huu, jambo yenu. Nimesoma nyuzi zenu muda mrefu bila kuandika kitu. Leo naandika yenye ilinipata, na sitaficha hata sehemu yenye inanionyesha mujinga.

Miye ni mutu wa nyumba. Niko Bulengera, hapa Butembo. Mama anasemaka siku akiuzisha kiti ya salon yetu, mununuzi atanibeba pamoja nayo.

Hata mu jeu, muchezo ya telefone, niko vile.

Kuna jeu moja ya telefone, dunia ya bachawi na bafundi. Unaokota vitu, unaviunganisha, unatengeneza vyombo vya ajabu. Benzangu bote walishatoka mu kijiji ya kwanza. Miye nilibakia pale nalima viazi. Mu jeu, bakubwa!

Ili utoke unavuka pori ya ukungu, na taa ya kuvukia haitengenezwi bila shaba ya mwezi. Ni kitu ya nadra kabisa. Inalala chini ya ziwa, unaweza kuzamia miezi mingi bila kuiona.

Sasa Kavira.

Alikuwa jirani yetu, tulimaliza secondaire pamoja. Kisha familia yao ikaenda kulima kakao pande za Mabalako. Kila siku ya Mungu, kisha misa, alipanda kilima kutafuta réseau ya telefone, tukutane mu jeu. Namba yake sikuomba. Niliona tuko na wakati.

"Bado uko na viazi?" ananiandikia.

"Nikiviacha vitaoza."

"Viazi vya jeu haviozake. Ni weye unaoza."

Siku moja ya Mungu sanduku yake ikaingia. Ndani, shaba ya mwezi. Moja. Na maneno: "Tengeneza taa, utoke. Nakungojea ngambo."



Mais mu ile jeu, sanduku ya zawadi unairudisha kwa mwenyewe mbele ya siku saba. Unabonyeza tu, hata iko tupu. Isiporudi, urafiki unafutika.

Na miye nililelewa na mama Munande. Jirani akituletea ndizi mu kitunga, kitunga hairudi tupu, unatia hata maharagi kidogo. Kavira ananipa shaba ya mwezi, nimurudishie sanduku tupu? Ao viazi?

Donc nikatafuta kitu ya kulingana. Nilipata manyoya ya ndege, nikaona ni haya. Nikapata pembe, nayo nikaona ndogo. Siku ya saba nilikuwa bado nazamia ziwa.

Siku ya nane nafungua: jina lake hakuna. Nikatafuta "Kavira". Ba-Kavira bako mingi sana, na hakuna hata moja alikuwa wangu.

Mama aliona siguse ugali, nikamueleza. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Kitunga ya mutu unalala nayo siku saba? Hata miye ningekuacha! Shangazi ya Kavira anauzisha majani ya sombe kwa soko. Inuka mu hiyo kiti."

Niliinuka. Nilijaza kitunga ya kamba nyekundu viazi vya kweli na mboga ya poireaux, nikatia karatasi yenye namba yangu: "Taa sijatengeneza. Sitaki kuvuka peke yangu."

Shangazi aliangalia ndani. "Viazi? Haa, atajua ni nani." Akaipana kwa muchuuzi mwenye alikuwa anaenda Mangina, pande za Mabalako.

Sasa ni siku ya Mungu ya tatu bila jibu. Telefone niko nayo mukononi hata nikioga.

Ile shaba iko pale. Ningeweza kutengeneza taa leo. Mais ukiiyeyusha, maandiko yake yanapotea, na chini yake imeandikwa: "Kutoka kwa Kavira." Hakuna mahali pengine jina lake limebakia.

Fundisho niliyopata: mwenye kukutumia zawadi kubwa pengine hangojee zawadi. Anakungojea weye.

Haya, nichekeni, nimezoea. Mwenye yalimupata hivi aandike hapa chini alifanya nini.

Na weye mwenye uko pande za Mabalako, ukiona kitunga ya kamba nyekundu, umwambie Kavira airudishe.

Hata tupu.