Rufaa Iliyokatwa Ndani ya Ripoti

Kwenye ukuta wa mapokezi ya ofisi niliyoanzia kazi ya uwakili hapa Mwanza mjini, kuna cheti ndani ya fremu. Kinaipongeza ofisi kwa kuwasaidia wanyonge kupata haki bila malipo. Mimi ndiye niliyeshikilia kiti bosi alipopanda kutundika cheti hicho. Nataka kueleza kilivyopatikana, maana waliokipigia makofi hawakuelezwa.

Tulikuwa mawakili wanne. Kila mwaka tulichukua kesi kadhaa za bure, wenyewe tukiziita probono, na zote ziliishia kwenye meza ya wakili mdogo kuliko wote, yaani mimi. Nilizipenda, sitaficha. Nilikulia Mabatini, nyuma ya duka la baba, nikiwaona wapangaji wakitolewa vyombo nje na watu wenye karatasi mkononi. Nilisoma sheria kwa hasira hiyo. Kwa hiyo mama mmoja mjane alipovuka na kivuko kutoka Kamanga, na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi, nilimpokea kwa mikono miwili.

Shemeji zake wawili walikuwa wanamdai nyumba. Aliijenga na marehemu mumewe kwa fedha za dagaa, lakini wao walisema ni mali ya ukoo. Vyumba vinne, na nyuma yake uwanja unaoteremka hadi ziwani, ambapo alianika dagaa wake. Bila nyumba hana pa kulala, bila uwanja hana kazi. Baraza la ardhi la wilaya lilikuwa limeshawapa shemeji ushindi, kwa kuwa mama alikwenda peke yake na hakujua kuwahoji mashahidi. Hukumu yenyewe ilikuwa mbovu, hata nilipoisoma nilicheka.

"Mama, hii tunaiangusha Mahakama Kuu," nilimwambia. Sheria ilitupa siku arobaini na tano za kukata rufaa, na zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza.

Siku hiyohiyo akanieleza jambo jingine. Ukoo ulikuwa umeitisha kikao, na wazee walitaka kupendekeza abaki na vyumba viwili pamoja na uwanja, shemeji wachukue viwili vingine. Akaniuliza kama aende.

"Usiende," nikamjibu. "Ukikubali viwili, ni kama umekiri kwamba nyumba ni yao. Kwa nini uchukue nusu ya kitu chako?"

"Wewe ndiye umesoma, mwanangu," akasema.

Hakwenda. Wazee waliona amewadharau, na pendekezo lao likafa siku hiyo. Nilimwambia pia asihangaike na nauli za kuja ofisini, tutampigia simu kukiwa na jambo. Kwa hilo nalo alinitii.

Wiki chache baadaye ikatangazwa tuzo ya ofisi za mawakili zinazosaidia jamii. Bosi akaitaka. Ripoti ya kesi zetu za bure ilitakiwa ifike kabla ya Ijumaa jioni, na kusema kweli hatukuwa na mengi: barua mbili tatu, mashauri ya matunzo ya watoto, kijana mmoja aliyepata dhamana. Kesi ya mama wa Kamanga ndiyo iliyokuwa na sura ya kupendeza. Mjane, ziwa, ukoo, Mahakama Kuu. Tatizo ni kwamba rufaa yenyewe ilikuwa kwenye kompyuta yangu, haijafika hata nusu.

"Andika imeshawasilishwa," bosi akasema. "Si utaiwasilisha Jumatatu? Wakija kuisoma itakuwa kweli."

Nikaandika. Mtu wa nje anaweza kushangaa, lakini sisi mawakili tuna ugonjwa huu. Tunaishi kwenye karatasi mpaka jambo lililopigwa chapa vizuri tunaliona limeshatendeka.

Karani wetu alikuwa mtu makini. Yeye ndiye aliyetunza kitabu kikubwa cha tarehe za mwisho, ambacho kila Jumatatu alitusomea kwa sauti ili kila wakili ajue kinachomkaba. Ripoti alipewa yeye aipange kurasa. Aliposoma kwamba rufaa imewasilishwa, akafungua kitabu chake akaikata kwa mstari. Angefanya nini kingine? Ndiyo kazi yake.

Jumatatu ilipofika nilitumwa Bukoba kwenye kesi ya mteja anayelipa. Niliambiwa siku tatu, zikawa wiki mbili. Karani alinisomea kitabu kwa simu, na kesi ya mama haikutajwa. Nisiseme nilisahau kabisa. Nilijua kuna kitu kinanisubiri, nikajiambia siku bado zipo. Niliporudi nilihesabu kwa vidole pale mezani, nikahesabu tena kwa kalenda. Siku ya mwisho ya rufaa ilikuwa imepita kwa siku nne. Nikaenda chooni nikakaa huko.

Kilichobaki ni kuiomba mahakama ituongezee muda, na mahakama hutaka sababu. Uzembe wa wakili huwa haukubaliki kirahisi. Bosi akafunga mlango wa chumba chake.

"Tukiapa kwamba ni sisi, maombi yatatupwa, na hiyo tuzo tutaanza kuitolea maelezo," akasema. "Mteja aape kwamba alichelewa kutuletea nakala ya hukumu."

Nikaandika hati ya kiapo. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, hilo nalo linaniuma. Mama akaja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuuliza habari za wazazi wangu. Nikamsomea kiapo chote, kwa kuwa lazima anayeweka dole gumba asomewe. Alisikiliza huku kidole kimeshapakwa wino.

"Hukumu niliileta siku ya kwanza," akasema. "Ukanipa na chai."

"Ndiyo, mama. Lakini tukiandika hivi, mahakama inaweza kutuhurumia."

"Aliyechelewa ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi andika ni wewe."

Akanisubiri, mimi nikaisogeza hati karibu naye. Mwishowe akapangusa kidole kwenye kanga yake, taratibu, mpaka wino ukaisha.

"Shemeji zangu waliapa uongo mbele ya baraza, nikawalaani," akasema. "Sasa na mimi niape?"

Akakusanya karatasi zake akaondoka. Ningeweza kuapa mwenyewe, kwa jina langu, ukweli mtupu. Labda maombi yangetupwa, labda jaji angemwonea huruma mtu asiye na kosa. Mkataba wangu wa kazi ulikuwa unakaribia kwisha na niliogopa. Nikaandika kwenye jalada, kwa mwandiko wangu huu huu, "Mteja amejitoa," nikalifunga.

Siku ya tuzo, tulipokabidhiwa cheti kile, ripoti ilisomwa jukwaani. Ilipofika sehemu ya mjane aliyekatiwa rufaa Mahakama Kuu, ukumbi ulipiga makofi kwa muda mrefu. Wiki hiyohiyo dalali anayetekeleza hukumu za baraza alikuwa ameshamtolea mama vyombo nje kule Kamanga.

Sasa nina ofisi yangu, na huwa naalikwa kuzungumza jinsi msaada wa bure wa mawakili unavyobadilisha jamii. Unabadilisha, sitadanganya upande huo pia. Nimeona mahabusu waliosahaulika wakitoka. Nimeona wanawake wakirudishiwa mashamba na baraza zima likajifunza kuwasikiliza. Lakini wakinipa kipaza sauti huwa natamani kuwaambia watazame vizuri jalada la kesi ya bure liko sehemu gani ya rundo. Siwaambii. Nazungumza, nakunywa soda, naondoka.

Mwaka jana nilimtafuta. Amepanga chumba kimoja Usagara, karibu na njia panda, anauza dagaa wa kununua kwa wengine, wa mafungu. Nilimwomba msamaha, nikamweleza hata habari ya ripoti na yale maneno niliyoyaandika kwenye jalada. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," akasema. Akanimiminia chai.

Jirani yake akaingia, mama wa makamo aliyekuwa na ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Alipoona nilivyovaa akauliza mimi ni nani.

"Ni wakili," mama akamjibu. "Sheria anaijua vizuri, wala sikudanganyi. Lakini akikwambia atakusaidia bure, kataa. Mlipe hata kama ni kidogo, ili siku akikuharibia uwe na mdomo wa kumgombeza."

Jirani akaniuliza bei yangu. Nikamtajia.