Geti Lilikuwa la Bluu

Kwenye ule mkutano wa kutoa maoni kuhusu sheria ya mitandao, hapa Kisumu, nilipewa dakika tatu nikatumia kumi. Hakuna aliyenikatiza. Shule niliachia darasa la sita, lakini samaki wengi wanaotoka ufukwe wa Luanda Kotieno wanasafiri juu ya barafu yangu. Nilianza na mkokoteni mmoja na gunia la vumbi la mbao la kufunikia barafu isiyeyuke. Leo nina mashine tatu.

Niliwaambia hivi: "Dalali wa ufukweni akipanga samaki wa mbuta wazuri juu na waliooza chini, kamati ya ufukwe inafunua sanduku, inamfukuza. Sasa huyu dalali wa ndani ya simu, anayechagua mimi nione nini, nani anafunua sanduku lake?"

Afisa akauliza, "Mzee, kwa hivyo unataka mitandao ifungwe?"

"Nani amesema kufunga? Mimi nauza barafu huko huko! Nataka wenye mitandao walazimishwe kusema kwa nini mimi naletewa matusi na siletewi mpira. Hasa wakati wa kura."

Nilisema hivyo kwa sababu huyo dalali alinikamata, mimi mzima.

Jirani yangu, mtu wa kutoka upande wa Mlima Kenya, anauza rangi na misumari. Tunatumia ukuta mmoja. Kila asubuhi anagonga ukuta kwa nyundo mara mbili, mimi najibu kwa beleshi la barafu. Maana yake chai iko tayari. Kura yake anajua mwenyewe, yangu najua mwenyewe, birika ni moja.

Uchaguzi ulipokaribia, nikatazama video ya jamaa mmoja akiwatukana watu wa kwao jirani yangu. Nilikuwa nacheka tu vile mate yanamruka. Lakini niliitazama mpaka mwisho. Kesho yake simu ikaniletea nyingine, kali zaidi. Wiki ilipoisha, hakuna mpira, hakuna mahubiri, ni wenye hasira tu, na mimi nimeshaanza kuwaitikia kwa kichwa. Asubuhi moja nyundo ikagonga, nikaliacha beleshi lilale. Baada ya siku mbili nyundo nayo ikanyamaza.

Halafu nikaona lori mbele ya duka lake, mikebe ya rangi inapakiwa. Nikasimama getini kwangu, nimeegemea.

"Unahama kabla ya kura? Mmepanga nini?"

"Nyinyi ndio mmepanga," akasema. "Mtaa unawaka, na wewe unaniuliza maswali kama karani."

"Unawaka wapi?"

Akaninyooshea simu. Kweli, matairi yanawaka, watu wanakimbia, na nyuma ya moshi kuna geti langu. Langu mwenyewe! Maandishi yanasema ni asubuhi hiyo.

"Omera, ndugu yangu, hilo geti ni la rangi gani?"

"Bluu."

"Na hili nililoegemea?"

Akaja akaligusa kwa kidole. "Kijani. Nilikuchanganyia mimi. Ulinisumbua siku nzima, unataka kijani cha mamba, hutaki cha sukuma wiki."

"Basi hiyo ni fujo ya miaka ile, kabla hujanichanganyia, geti likiwa bado bluu."

Akakaa juu ya mkebe. Nami nikampa simu yangu, atazame nilichokuwa naletewa. Alipandisha video kwa kidole, moja baada ya nyingine, mate yote yale.

"Kumbe hawa ndio umekuwa ukinywa nao chai," akasema.

Nikaichukua simu yangu, nikaitia mfukoni.

Akamgeukia dereva. "Shusha nusu."

"Nusu tu?" nikauliza.

"Nusu nyingine itangoja ndani ya lori. Kesho nitasikiliza ukuta."

Dereva alinung'unika sana. Alikuwa ameshapanga kula nyama njiani, pale Awasi.

Kesho yake sikungoja nyundo. Nilichukua beleshi nikagonga ule ukuta mara mbili, nikaona ni kidogo, nikaendelea mpaka plasta ikaanguka kipande kama sahani. Nikabandika sikio ukutani. Halafu nikasikia mikebe inateremshwa kutoka kwenye lori, mmoja mmoja, na sauti yake ikivuka ukuta: "Wewe mtu wa barafu! Nimesikia! Utabomoa duka!"

Ile plasta nimeshaiziba. Rangi ya juu alichanganya yeye, na alikataa kabisa kunichagulia; alisema simu imeshanichagulia vya kutosha.