Asubuhi Niliyozima Mashine Mbugangari

Walisema sitaweza, mwanangu. Walisema zege halisagwi kama mahindi, na kwamba mtu aliyetoka Karagwe na diploma mkobani na mashine moja kuukuu ya kusagia sakafu atamaliza mwaka akiuza maandazi kando ya barabara. Fundi mmoja wa mawe alinikejeli mbele za watu: "Mutanzania, beto iko ngumu kuliko kichwa yako. Tutaona nani atapasuka mbele!" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, kwa sababu nilijua kitu ambacho wao walikuwa hawajakiona.

Leo ukivua viatu katika hoteli za hapa Gisenyi, zile zinazotazama ziwa, na unyayo wako ukateleza juu ya sakafu kama juu ya kioo, usiulize kazi ya nani. Nimesaga maghala kule Rubona. Nimekata milango katika kuta za zege ambazo wengine walitaka kuzivunja kwa nyundo, nikatoa kipande kizima kama mtu anayekata sabuni, na ukuta uliobaki haukupata hata ufa. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Wanaosema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, hawajawahi kutafuta kazi katika mji ambao hakuna anayejua jina la baba yao.

Lakini nikikaa peke yangu, si hoteli ninazozikumbuka. Ninayoikumbuka kila ninaposikia mashine ikinguruma mahali, ni asubuhi moja ambayo kazi yangu ilisimama.

Wakati huo nilikuwa kijana, nimerudi nchini kwetu juzijuzi kutoka ukimbizini Karagwe, na kazi yangu ya kwanza mjini alinipa Mama Zuhura, muuza vitenge wa Mbugangari. Familia yake ni Waislamu wa siku nyingi hapa, wafanyabiashara tangu babu wa babu. Alikuwa amenunua ghala la zamani la viazi alifanye duka, lakini sakafu yake ilikuwa mabonde na mapele matupu. Alitaka niisage mpaka ing'ae, na alitaka iwe tayari kabla ya Idi, wakati wanawake wote wa mji wanatafuta nguo mpya.

"Idi inikute ndani," aliniambia huku akinitikisia funguo usoni. "Ikinikuta inje, we na iyo mashine yako mutarudi kwa Watanzania wenu."

Nilielewa vizuri. Nikiwahi, mtaa mzima ungekanyaga sakafu yangu siku ya sikukuu. Nikichelewa, nisingepata kazi ya pili.

Basi asubuhi hiyo nilikuwa ndani ya ghala, nimekwisha kuondoa mapele kwa mawe magumu ya mashine, sasa nimefunga mawe laini. Maji yanamwagika, tope la kijivu linatiririka, na vijiwe vilivyofichwa ndani ya zege vinaanza kujitokeza, vyeusi na vyekundu, vizuri kama ushanga. Mara nikaona mtu amesimama katikati ya tope lile na kanzu nyeupe. Alikuwa Mzee Sefu, mshonaji aliyekuwa na cherehani yake kwenye baraza ya ng'ambo. Nikapunguza mashine.

"Mzee, utachafuka!"

"Nitafua. Zima iyo kitu. Zima kabisa."

Nikazima. Kimya kilichoingia humo ndani nakisikia hata sasa.

"Gaspari amekufa," alisema.

Gaspari alikuwa dereva mstaafu aliyebeba viazi vya Mudende miaka mingi, na nyumba yake ilipakana na ghala letu, ukuta kwa ukuta. Nilikuwa namsalimia tu asubuhi. Nikasema pole, kisha, kwa adabu, nikasema mimi si mtu wa ukoo ule, na Idi imekaribia.

"Jembe ya kwa Gaspari iko chini," Mzee Sefu alinijibu. "Za majirani pia ziko chini. We peke yako ndio unalima?"

"Hili si jembe, mzee. Ni mashine."

"Inapiga kelele kuliko majembe ya Mudende yote!"

Lazima nikueleze, mwanangu, maana nyinyi wa siku hizi mnaona vilio vinavyokwisha kabla chai haijapoa. Hapa kwetu mtu akifariki, watu wake hukaa kwenye kilio, ikiriyo, na kwa siku hizo jembe haliinuliwi nyumbani kwa marehemu mpaka siku ya kuondoa kilio. Majirani wa ukutani nao hujizuia. Mzee Sefu mwenyewe alikuwa Mwislamu na Gaspari Mkristo, lakini cherehani yake ilikuwa imefunikwa shuka.

Nilimtajia Mama Zuhura na funguo zake. Mzee akasema polepole, bila ukali:

"We unatafuta jina mu huu mutaa. Bon. Mutaa yote iko pale kwa Gaspari. Jina utapewa na nani? Na hizi kuta?"

Akatoka, akiinua kanzu.

Nilibaki nimeshika mpini wa mashine. Ningeweza kuiwasha, hakuna aliyenishika mkono. Lakini nikamkumbuka baba yangu. Tulimzika Karagwe, ugenini, sisi wakimbizi tusio na ukoo pale, na mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Mvua za kwanza hazimngoji mtu. Hata hivyo majirani zetu Wanyambo waliweka majembe chini, wakaja kukaa nasi, na udongo wao ukakauka huku wakitutazama tukilia. Nikanawa mikono hadi kwenye viwiko, nikaenda kwa Gaspari.

Nilikaa nyuma kabisa, kwenye benchi la wanaume. Mama Dativa, mjane wa Gaspari, akaniona, akaniita karibu.

"We ni wa nani?"

Nikamtajia jina la baba.

"Yuko wapi?"

"Tulimwacha Karagwe, mama. Ardhini."

"Yoo!" Akanishika mkono. "Kaa hapa. Umulilie na wako hapahapa."

Nikalia, mwanangu. Mimi niliyekuja na kifua mbele nililia kama mtoto kwenye kilio cha mtu nisiyemjua, na hakuna aliyeshangaa. Nilipotulia nikamwomba radhi kwa kelele za siku zilizopita.

"Ni mimi nilikuwa nafunga dirisha," alisema. "Nafunga, Gaspari anafungua. Nafunga, anafungua! Anasema, 'Acha nisikie, mama yangu anasaga ulezi.' Namwambia, mama yako alikufa zamani, ni ule Mutanzania. Anasema, 'Nyamaza, anasaga.'" Akacheka na machozi yake yakitiririka. "Juma nzima nimeishi na mama mukwe ndani ya ukuta."

Wanawake waliokuwa karibu wakacheka naye, kicheko kile kinachotoka tu kwenye kilio. Ndipo Mama Zuhura akaingia uani kwa kishindo. Alikuwa ametoka ghalani na kukuta mashine imelala.

"Fundi iko wapi?"

Akaona mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wa mjane. Akasimama. Kisha akavuta mtandio wake mbele, akaenda kukaa na wanawake mpaka alipoinuka kuondoka.

"Mashine iko kimya," aliniambia akipita.

"Iko kimya, mama."

"Donc Idi itanikuta inje."

Hakunitazama. Nikajua kazi imekwenda.

Na kweli Idi ilimkuta nje. Aliuza chini ya turubai, na mvua ya Gisenyi, unaijua, ilimwagika mchana ule na kulowesha mafungu mawili ya vitenge. Nilimsaidia kuyaanika. Tulikamua pamoja. Walionicheka walipita na kunionyesha kidole. Nilikwenda kukaa kwenye kilio kila siku, maana sikuwa na mahali pengine pa kwenda, na nadhani hata ningekuwa napo ningekwenda.

Siku ya kuondoa kilio, watoto wa Gaspari walinawa, na mkubwa wao akainua jembe akapiga ardhi kidogo, ili maisha yajue kwamba yameruhusiwa kuendelea. Mama Dativa akatazama huku na huku mpaka akaniona.

"Fundi," alisema, "nenda uwashe."

Nikamtazama Mama Zuhura. Kazi ilikuwa yake, ghala lake, hasara yake. Akaingiza mkono kwenye mkunjo wa kitenge chake, akatoa funguo.

"Hujasikia? Mama anasema washa!"

Nikaenda, watu wakinifuata hadi barabarani. Nikafungua maji, nikawasha, na ile ngurumo nzito ikajaa ukutani. Nilipochungulia mlangoni nikaona, kwenye nyumba ya pili, Mama Dativa akisukuma dirisha la chumba cha mume wake, akilifungua wazi mpaka mwisho.

Nilisaga sakafu ile kama ambavyo sijawahi kusaga nyingine. Na waliokuja kwenye kilio kutoka Mudende na Rubona, ambao walinijua kwanza kama kijana anayekaa benchi la nyuma, ndio walionipa kazi ya pili, na ya tatu, na nyingine nyingi.

Sasa Mzee Sefu hayupo. Mama Zuhura hayupo. Baraza ya cherehani ni duka la simu, na nyumba ya Gaspari imekuwa ghorofa. Nina mashine zinazonyonya vumbi zenyewe, zinazokata zege nene kuliko urefu wa mkono wako, na vijana wenye vyeti vikubwa kuliko changu. Ningezitoa zote nipate kukaa asubuhi moja kwenye benchi lile, nisikie wanawake wakicheka na kulia kwa pamoja. Juzi nilipita penye ujenzi, nikaona turubai la msiba uani mwa jirani, na ng'ambo ya ua vijana wanakata zege na vizibo masikioni, hawajui. Sikuwagombeza. Niliwangoja wapumzike, nikawaambia niliyokuambia wewe.

Basi nisikilize, mwanangu. Jifunze kazi yako mpaka wenzako wakuonee wivu, wala usione haya kuwa hodari. Lakini kabla hujawasha mashine asubuhi, toka nje uulize usiku umeamkaje kwa jirani. Ukiambiwa kuna kilio, weka chombo chini uende, hata kama tajiri wako atanuna, hata kama humjui marehemu. Usiende kutafuta kazi huko; nenda kukaa. Asiyekuwepo na lake halipo. Atakayenuna leo huenda kesho akakupa funguo, na asipokupa, bado utakuwa umekaa na watu.

Mungu akupe mikono imara na mgongo usiochoka. Akupe nyumba yenye madirisha yanayofunguka. Na siku yako ikifika, siku ambayo hutaweza kumwambia mtu anyamaze, akupe majirani watakaonyamaza wenyewe.