Kadi Isiyokata Mti

Dada yangu mdogo alipoolewa, hapo nyumbani kwetu Msambweni, nilijitwika kazi ya mialiko. Nilikuwa nimetoka kwenye semina ya mazingira Matuga, na kichwa kilikuwa kimenijaa. Nikatangaza kwamba hatuchapishi kadi, tutatuma kwa simu.

"Harusi hii haitakata mti hata mmoja," nilimwambia mama, nikangoja nisifiwe.

Mama alikuwa ameshamwita jirani yetu, ambaye miaka yote hualika watu kwa mdomo, nyumba kwa nyumba. Huyo anajua nyumba ipi italeta watu wawili na ipi italeta ukoo mzima. Nikamwambia apumzike, dunia imesonga mbele.

Kadi niliipamba maua na kuandika, "Nyote mnakaribishwa." Nikaituma kwenye kundi la familia. Familia wakaituma kwenye makundi yao, na makundi hayo yakaipeleka Mungu ndiye ajuaye wapi. Siku yenyewe likaja gari zima kutoka Lunga Lunga, la watu wasiomjua bwana harusi wala bi harusi. Mmoja wao alinikumbatia mimi na kuniombea uzao mwema.

Adhuhuri kuni zikaisha, na sufuria mbili za pilau hazijabandikwa. Mpishi akasimama uani, mwiko mkononi, akiutazama mkorosho wa mama. Hatuna mti mwingine. Kila msimu mama hukaanga korosho zake na kunijazia kopo langu.

"Huo hapana!" nikasema.

Mama akanigeukia. "Wageni hawa ni wa nani?"

Nikaligeukia lile gari la Lunga Lunga.

"Haya, ukateni," akamwambia mpishi, akaingia ndani.

Kuni mbichi zikafuka moshi mpaka uwanja mzima ukatokwa machozi. Wale wa Lunga Lunga wakasema hawajaona bi harusi anayependwa na watu kiasi kile.

Msimu wa korosho ulipofika, nililingojea kopo langu kwa mazoea, bila haya. Ikaja picha kwenye simu: kisiki. Chini yake mama alikuwa ameandika, "Korosho zako hizo, mwanangu. Nimekutumia kwa simu, tusikate mti."

Nilicheka peke yangu ofisini, kisha nikaona aibu, kisha nikaulilia ule mti. Picha hiyo sijamtumia mtu yeyote.