Kilio cha Gasenyi

Kazi ya Ghanima ilikuwa kusikiliza redio. Majirani zake wa mtaa wa Jabe walimcheka: mtu mzima analipwa kwa kusikiliza redio! Wangekaa naye asubuhi moja tu, wasingecheka. Ofisi yake, karibu na bandari, ilichunguza jinsi vyombo vya habari vinavyosimulia mafuriko: nani kahojiwa, nani kasahauliwa, wapi habari imetiwa chumvi. Waandishi walimwogopa, na ilikuwa halali yao.

Redio moja ilikuwa na uvivu wake. Kila maji yakipanda, iwe ziwani au korongoni, ilitanguliza kilio kilekile cha mwanamke. Siku ya kwanza Ghanima alipokisikia, alivua visikilizio masikioni, akatoka nje. Kilikuwa chake. Alilia hivyo kule Gasenyi, asubuhi ambayo korongo lilibeba nyumba yao na binti yao Nura akiwa ndani, na mwandishi mmoja akamnyooshea kinasa sauti bila hata kumpa pole.

Angekwisha kuwaripoti, wala asingemung'unya maneno. Ila mwishoni mwa kilio, kabla hakijakatwa, mwanamume anasema: "Simama. Mi niko hapa." Ni Massoudi mumewe, fundi magari, ambaye homa ilimchukua mwaka uliofuata. Hakuacha sauti yake popote pengine. Ndiyo, Ghanima alikuwa na nakala ya kilio hicho kwenye simu, lakini hakuwahi kuifungua. Aliona kufanya hivyo ni kumfukua. Redioni alikuja mwenyewe, kama alivyozoea kuingia akitoka gereji. Basi mvua zilipoanza, Ghanima aliogopa na kutamani kwa pamoja, na aliona aibu sana, maana ili mumewe aje, lazima nyumba za wengine zianguke.

Mwisho wa yote mkuu wake, Fortunat, akashtuka.

"Mama Nura, hii kilio njo ile walitangaza na mwaka jana?"

"Njo ile," Ghanima alikubali.

"Na mbona hatukuandika? Huyo mama, kama angali muzima, anaisikia namna gani?"

"Ni muzima," Ghanima alisema. "Anaisikia."

Fortunat alimtazama usoni, akavuta kiti, akakaa.

Ghanima akaandika ripoti mwenyewe: kilio hiki ni cha mtu, na hakuombwa ruhusa. Redio ile, kwa mshangao wa wote, ilitii, ikaacha kukitumia.

Mvua za Aprili zikaja, maji yakaingia tena majumbani mwa watu. Ghanima alivaa visikilizio vyake. Safari hii walimhoji mama mmoja kwa heshima, wakataja jina lake, wakamwacha amalize maneno yake. Kazi nzuri, na Ghanima aliwapa alama nzuri. Kisha akaongeza sauti hadi mwisho, akangoja pale ambapo Massoudi husema.

Mtangazaji akaendelea na habari za bei ya mafuta. Ghanima alivua visikilizio, akashika ukingo wa meza, akasimama mwenyewe.